Kaswende, tego na aibu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wahudumu wa afya na wauza dawa wa Dar es Salaam huulizwa kuhusu kaswende, mengi yakiulizwa kwa sauti ya chini na kwa niaba ya "rafiki yangu mmoja". Historia na tiba tumezichanganya makusudi, kwa sababu anayechelewa kutibiwa mara nyingi hakukosa dawa. Amezuiwa na jambo alilolisikia.

Kaswende ni ugonjwa gani hasa?

Ni maambukizi ya bakteria anayeitwa Treponema pallidum, mwembamba, aliyejisokota, asiyeonekana kwa darubini ya kawaida. Wajerumani Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann walimtambua mjini Berlin mwaka 1905. Wazee wa pwani waliuita ugonjwa huu sekeneko.

Kidonda cha kwanza hutokea siku 9 hadi 90 baada ya kuambukizwa, aghalabu kwenye wiki ya tatu, mahali bakteria alipoingilia: uume, uke, njia ya haja kubwa au mdomo. Kwa kawaida ni kimoja, kingo zake ngumu, na hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kukaa ndani ya uke au kwenye mlango wa kizazi asikione kabisa. Ndani ya wiki 3 hadi 6 hufunga chenyewe, utumie dawa au usitumie. Baadaye huja vipele visivyowasha, hata viganjani na kwenye nyayo, pamoja na homa, mitoki na nywele kunyofoka kwa mabaka. Navyo huondoka. Kisha kimya, hata miaka 10 au 30. Takriban theluthi moja ya wasiotibiwa huishia kuharibiwa moyo, mshipa mkuu wa damu, ubongo au uti wa mgongo. Macho na masikio yanaweza kuguswa mapema zaidi.

Shika hilo la kidonda kujifunga chenyewe. Mengi yanayofuata hapa chini, kuanzia tego, ule uchawi ambao mume hudaiwa kumtegea anayetembea na mkewe, mpaka mizizi "iliyomsaidia shemeji", yamesimama juu yake.

Nani aliuleta duniani?

Kila taifa lililoulizwa lilimtaja jirani. Mlipuko mkubwa wa kwanza kuandikwa Ulaya ulitokea mwaka 1495, jeshi la mfalme Charles VIII wa Ufaransa lilipokuwa Naples. Waitalia wakauita ugonjwa wa Wafaransa, Wafaransa wakasema ni wa Naples, Warusi wakawasingizia Wapolandi, Wapolandi wakawasingizia Wajerumani, na Waturuki wakasema ni wa Wakristo. Bahari ya Hindi haikubaki nyuma. Vasco da Gama alifika Calicut mwaka 1498 akitokea Malindi, na katika karne ya 16 matabibu wa India waliuandika ugonjwa huu kwa jina la Wafarangi, yaani wale wageni wa Ulaya.

Adhabu iliingia kwenye simulizi mapema kuliko dawa. Daktari wa Verona, Girolamo Fracastoro, alitunga shairi mwaka 1530 kuhusu mchunga mifugo anayepigwa na ugonjwa huu kwa kumkosea mungu, na jina la mchungaji huyo, Syphilus, ndilo Wazungu wanaloutumia kuuita ugonjwa huu hadi leo: syphilis. Tiba ya zama hizo ilikuwa zebaki, ya kujipaka au kujifukiza. Meno yaling'oka, mate yakatiririka kwa lita, na waganga wakamwambia mgonjwa kwamba huo ndio uchafu unatoka.

Ni kweli wakoloni waligundua kwamba karibu kila Mwafrika wa huku alikuwa nayo?

Waliandika hivyo. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, alidai kwamba sehemu kubwa mno ya watu wa Buganda wana kaswende, hadi asilimia 80 katika baadhi ya maeneo, na akalaumu Ukristo na uhuru mpya wa wanawake kwa kuvunja nidhamu ya zamani. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilianza mwaka 1913 kama kituo cha magonjwa ya zinaa kutokana na hofu hiyo.

Kilichosahauliwa ni buba. Buba huletwa na ndugu wa karibu sana wa bakteria huyu, lakini huambukizwa kwa kugusana ngozi tu, hasa watoto wanaocheza pamoja, na haihusiani na ngono. Kipimo cha damu hakiwezi kuzitenganisha. Kile cha kwanza cha August Wassermann cha mwaka 1906 hakikuweza, na RPR, kipimo cha damu kinachotumika leo, pia haiwezi. Malaria na ukoma navyo viliweza kukifanya kisome chanya kwa uongo. Katika nchi yenye buba na malaria kila kona, daktari aliyekuja akiamini kwamba Waafrika hawajizuii alikuta kila alichotaka kukikuta.

Takwimu za namna hiyo zilipita. Dhana ilibaki.

Mbona wazee wanaiamini sana sindano?

Kwa sababu waliiona ikifanya kazi. Dawa ya arseniki ya Paul Ehrlich na Sahachiro Hata ilitoka mwaka 1910, zikafuata za bismuthi, na katika miaka ya 1920 watu wa Afrika Mashariki walimiminika kwenye zahanati kuchomwa dhidi ya buba. Vidonda vilivyomsumbua mtoto kwa miezi vilikauka kwa siku chache. Kisha ikaja penisilini. John Mahoney aliwatibu nayo wagonjwa wanne wa kwanza wa kaswende mwaka 1943 huko Staten Island, New York. Kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliwatibu watu wapatao milioni 50 wa buba katika nchi 46.

Imani hiyo ina sababu, ila siku hizi inaleta hasara. Mtu anaingia duka la dawa Tandika, anachomwa sindano yoyote, anatoka ameridhika. Soma sehemu ya dozi kabla hujalipa.

Kwa nini lawama humwangukia mwanamke?

Hili lilitungiwa sheria. Uingereza ilipitisha sheria za magonjwa ya kuambukiza mwaka 1864, 1866 na 1869. Katika miji ya bandari na kambi za jeshi, polisi waliweza kumkamata mwanamke waliyemshuku, akakaguliwa kwa nguvu na kufungiwa hospitali. Baharia aliyelala naye hakuguswa. Josephine Butler na wenzake walipiga kampeni mpaka zikafutwa mwaka 1886, lakini fikra hiyo ilikuwa imeshapanda meli kuelekea makoloni.

Dar es Salaam ya wakoloni ilipangwa kwa ajili ya wanaume wa kazi: makuli wa bandarini, askari, maboi wa Uzunguni. Mwanamke aliyekuja peke yake akapanga chumba Kariakoo, akapika pombe au kuuza maandazi, alihesabiwa malaya mpaka athibitishe vinginevyo. Wanawake wa Kihaya walibandikwa jina hilo kwa jumla, na utani wake bado unasikika kwenye daladala. Hata uhuru haukulifuta jambo hili. Katika operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, wanawake wasio na mume wala kazi ya kuandikishwa walikuwa miongoni mwa waliosombwa mitaani.

Leo hakuna anayesomba mtu, ila mpangilio wa huduma unatoa matokeo yale yale. Mwanamke hupimwa kwa sababu ana mimba. Mwanamume haendi kliniki, kwa hiyo hapimwi. Habari ya kaswende huingia nyumbani kupitia kadi ya mama, na aliyegunduliwa kwanza anageuzwa aliyeileta. Kipimo hakionyeshi nani alianza, na namba iliyo kwenye majibu haihesabu miezi. Daktari, mama mkwe au mjumbe anayedai kulisoma hilo kwenye karatasi anabuni.

Tego lipo? Nimepata kidonda baada ya kutoka na mke wa mtu.

Tego halina kipimo maabara, lakini kidonda chako kinacho. Tazama jinsi kaswende inavyoweza kuigiza hadithi nzima. Mume aliambukizwa miezi kadhaa nyuma, kidonda chake kikafunga, sasa hana dalili. Alimwambukiza mkewe, na kidonda cha mke kiko ndani, hakionekani. Wewe unakuja, na wiki ya tatu unaota kidonda. Mtaa unaona mwizi ameumbuka na mwenye mali ni mzima. Kumbe mwenye mali ndiye alikuwa wa kwanza kuugua.

Sehemu ya pili ni kuteguliwa. Mganga anachukua kuku na pesa, anakupa dawa ya kuoga ya wiki kadhaa. Kidonda kinafunga, kama ambavyo kingefunga ungekaa nyumbani, na bakteria wameshahamia kwenye damu. Hatukukatazi kwenda kuomba radhi kwa mwenye mke ukiona inafaa. Pitia zahanati kwanza.

Na "kaswende sugu" ya kwenye mabango ya nguzo za umeme?

Tangu 1943 bakteria wa kaswende hajawahi kujenga usugu dhidi ya penisilini. Usugu upo kwa azithromaisini, ile ya vidonge vitatu inayouzwa kama pipi. Anayeambiwa ana kaswende sugu kwa kawaida ni mmoja wa hawa:

Amepewa dawa isiyo yake. Sindano moja ya seftriaksoni inayotibu kisonono haitoshi kwa kaswende, na amoksilini ya siku tano vivyo hivyo.

Ametibiwa sawasawa, akarudi kwa mwenza ambaye hakutibiwa. Kaswende haiachi kinga. Unaweza kuipata mara nyingi.

Amepona, lakini amepima tena kwa kipimo cha haraka, ambacho hubaki chanya.

Hakuwa na kaswende. Vidonda vidogo vingi vinavyouma na kurudi kila baada ya muda ni malengelenge ya sehemu za siri. Kidonda laini, chenye usaha na maumivu makali, kinaweza kuwa pangusa.

Kuna pia wanaozunguka na neno "UTI" kwa miezi kwa sababu linatamkika mbele ya watu. Vipimo vya mkojo havioni kaswende.

Babu yangu anasema hospitali hufanyia watu majaribio. Ni uzushi?

Kwa ugonjwa huu, limewahi kutokea, na ni vizuri lisemwe wazi. Kuanzia 1932 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600 wa Tuskegee, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Hawakutibiwa hata penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida, ili ionekane ugonjwa ungewafikisha wapi. Peter Buxtun, mtumishi wa idara hiyo hiyo, ndiye aliyepeleka habari kwa wanahabari, na mwaka 1972 mradi ukafungwa. Rais Bill Clinton aliomba radhi Mei 1997. Kati ya 1946 na 1948 watafiti wa Marekani waliwaambukiza watu kwa makusudi huko Guatemala, wafungwa na wagonjwa wa akili wakiwemo. Jambo hilo lilifichuka mwaka 2010.

Kosa la Tuskegee lilikuwa kunyimwa sindano na kufichwa jina la ugonjwa. Kwa hiyo wewe dai vyote viwili: jina la ugonjwa liandikwe kwenye cheti chako, na uambiwe jina la dawa unayochomwa.

Napima wapi, na majibu yanasomwaje?

Hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala, Amana na Temeke hupima, na vituo vya afya vingi vya karibu pia. Mapokezi huna haja ya kutaja kinachokusumbua mbele ya foleni. Sema unataka kumwona daktari. Ndani ya chumba ndipo useme moja kwa moja: "Nina kidonda sehemu za siri" au "Nataka kupima kaswende". Ukizungukazunguka utaandikiwa kipimo cha mkojo na malaria.

Kipimo cha haraka hutumia tone la damu ya kidoleni na hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kipo cha kupima VVU na kaswende kwa pamoja. Kinaeleza kama umewahi kuambukizwa, hakielezi ni lini. RPR au VDRL hutumia damu ya mshipani na jibu huja kwa uwiano, mfano 1:8 au 1:32. Andika uwiano huo pamoja na tarehe. Baada ya tiba unatakiwa ushuke angalau mara nne, mathalani kutoka 1:32 hadi 1:8, ndani ya miezi 6 hadi 12. Bila namba ya mwanzo hakuna wa kukuambia kama umepona.

Kidonda kikiwa kipya, vipimo vyote vinaweza kusoma hasi. Daktari akikiona anaweza kutibu kwa dalili hapo hapo, akiunganisha sindano ya kaswende na dawa za pangusa na malengelenge. Usipotibiwa siku hiyo, rudia kupima baada ya wiki 2 hadi 4, na tena miezi 3 baada ya tendo.

Sindano yenyewe ikoje?

Benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, mara moja. Hugawanywa sehemu mbili, milioni 1.2 kila tako, siku hiyo hiyo. Ikiwa maambukizi yamepita mwaka mmoja, au hayajulikani yalianza lini, huchomwa dozi hiyo mara 3, kila baada ya wiki moja.

Kwa nini iwe hiyo tu? Bakteria huyu huzaliana polepole, karibu mara moja kwa saa 30 hadi 33, na penisilini humuua anapozaliana. Dawa lazima ikae kwenye damu siku nyingi mfululizo. Benzathini hujiachia taratibu kutoka kwenye msuli kwa wiki mbili na zaidi. Penisilini ya maji, hata ya ujazo uleule, hutoka na mkojo baada ya saa chache.

Huharibika hapa: unga hautikiswi vizuri, mchanganyiko unaganda, sindano nyembamba inaziba na nusu ya dawa inabaki kwenye bomba. Itumike sindano nene, ichomwe kwa kina na polepole. Kamwe isiingie kwenye mshipa wa damu. Maumivu ni makali. Muulize nesi kama anaweza kuichanganya na lignokaini. Kaa kituoni dakika 30 kwa tahadhari ya mzio. Usiku huo unaweza kupata homa, baridi na vipele kuzidi. Ni mwitikio wa bakteria kufa kwa wingi, hupita ndani ya saa 24, na parasetamo inatosha. Wengi hukimbilia kusema "dawa imenikataa" na hawarudi kwa dozi ya pili.

Mwenye mzio wa penisilini, asiye mjamzito, hupewa doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 14, au siku 30 kwa ugonjwa wa zamani.

Usifanye tendo kwa siku 7 baada ya tiba na mpaka vidonda vipone.

Naweza kuipata chooni, kwenye taulo au kwa nguo za mtumba?

Hapana. Bakteria huyu hufa upesi nje ya mwili. Busu linaweza kuambukiza ikiwa kuna kidonda mdomoni. Kondomu hupunguza hatari sana, lakini haikingi kidonda kilicho nje ya sehemu inayofunikwa.

Nina mimba. Mtoto je?

Hapa hakuna muda wa aibu. Utafiti uliofanyika Mwanza, ukachapishwa mwaka 2002, uliwafuatilia wajawazito ambao hawakuwa wamepimwa. Waliokuwa na kaswende hai yenye uwiano wa juu, robo yao walizaa mtoto mfu. Kati ya watoto wafu wote katika kundi lililochunguzwa, karibu nusu walitokana na kaswende. Ni vifo ambavyo nyumbani huambiwa ni mchango, au jicho la mtu.

Pima hudhurio la kwanza, omba kurudia miezi mitatu ya mwisho. Doksisaiklini haifai kwako, ni benzathini tu, na itolewe angalau siku 30 kabla ya kujifungua ili mtoto naye ahesabiwe ametibiwa. Mwenye mzio hupelekwa hospitali akazoezwe dawa kidogo kidogo chini ya uangalizi. Mtoto akizaliwa achunguzwe hata kama wewe ulitibiwa.

Kama kliniki inakudai uje na mwenza na huna, usibaki nyumbani. Baadhi ya wanawake hupeleka barua ya serikali ya mtaa. Usipoipata, nenda hivyo hivyo umweleze nesi wa zamu.

Nimwambieje mwenzangu?

Epuka neno "umeniletea", hata kama una hakika. Maneno yanayofanya kazi ni mafupi: "Baba fulani, kliniki wamenipima wameona kaswende. Dawa ni sindano, wamesema tuchomwe wote, tusipochomwa wote inarudi." Mwambie mchana, mkiwa mmetulia, pasipo watoto na pasipo pombe. Vituo vingi hutoa kadi ya mwenza anayoweza kwenda nayo bila kujieleza. Aliyelala na mgonjwa wa hatua za mwanzo ndani ya siku 90 zilizopita hutibiwa hata kipimo chake kikiwa hasi. Ukihofia kupigwa, mwambie nesi kabla hujaondoka. Kuna njia ya mwenza kuitwa na kituo pasipo wewe kutajwa.

Kuwa na kaswende ni dalili ya Ukimwi?

Hapana, ila kidonda hufungua njia ya VVU, kwa hiyo pima vyote viwili. Kuchanganywa kwa magonjwa haya kuna historia yake. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini kutambuliwa Kagera mwaka 1983, lawama za zamani za kaswende zilihamia huko zilivyo: mji, mwanamke asiye na mume, Mhaya. Hata hivyo ni Mwanza, katika utafiti wa 1991 hadi 1994, ilikoonekana kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40.

Nilitibiwa zamani. Mbona nikitaka kuchangia damu naambiwa ninayo?

Damu ya wachangiaji hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, na kipimo kinaweza kusoma chanya maisha yote hata bakteria hayupo, kama kovu la chanjo begani. Huwezi kulifuta. Tunza karatasi moja yenye vitu vinne: tarehe ya tiba, jina la dawa na dozi, uwiano wa RPR kabla ya tiba, na uwiano wa miezi 6 hadi 12 baadaye. Ukipimwa kwa ajili ya ndoa, safari au mimba, toa karatasi hiyo kabla hawajakutoboa kidole, na uombe RPR badala ya kipimo cha haraka.